Kutoka Windows kwenda Mac: kuvifundisha vidole njia za mkato upya

Kwenye biashara ya kupiga chapa hapa Kisumu, Alhamisi jioni ndiyo saa ya moto. Mazishi mengi ya huku Nyanza na Magharibi hufanyika Jumamosi, kwa hiyo familia hukujia Alhamisi na picha kwenye simu, karatasi mbili za daftari zilizoandikwa kwa kalamu, na ombi la programu ya mazishi nakala mia mbili kabla ya Ijumaa adhuhuri. Alhamisi moja kama hiyo nilikuwa nimekaa na MacBook Air, laptopu ya Mac ya kampuni ya Apple, kwa siku nne tu. Dada yangu aliye Marekani alikuwa amenunua mpya, akanitumia ile yake ya zamani, nami nikaifurahia hasa kwa sababu ya betri: stima ikipotea mtaani Kondele, kompyuta yangu ya mezani huzimika papo hapo na kazi niliyokuwa sijahifadhi.

Mzee alikuwa ameketi mbele yangu, kofia magotini. Nilichagua faili yake kwa mshale, nikabonyeza Enter ili ifunguke, kama nilivyozoea kwenye Windows kwa miaka kumi na moja. Haikufunguka. Nikagonga herufi mbili tatu kwa kukosa subira, nikabonyeza tena, na mara jina la faili likawa "jjk". Faili nayo ikaruka kutoka pale ilipokuwa, maana folda hujipanga kwa alfabeti, nami nikaamini nimeifuta.

"Kwani mashine imekataa, mama?"

"Haijakataa, mzee. Nipe dakika tano."

Zilikuwa ishirini na tano. Mashine ilikuwa sawa kabisa. Kwenye Mac, Enter haifungui faili bali inaibadilisha jina. Tangu siku hiyo nimeona kwamba anayehama mfumo hasumbuliwi na mambo asiyoyajua. Husumbuliwa na yale ambayo vidole vyake vinayajua mno. Ndiyo maana mwongozo huu hautakupa orodha ya njia za mkato mia moja, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja badala ya kutumia mausi. Nitakupa mpangilio: zipi ujifunze kwanza, zipi zitakuumiza, na zipi uziache kabisa.

Kwanza, vitazame vitufe kabla hujavigusa

Kwenye kibodi ya Windows, kitufe cha kazi ni Ctrl, kule pembeni kushoto, nacho hubonyezwa kwa kidole cha mwisho. Kwenye MacBook, tangu pembeni kushoto kuja katikati, utakuta fn, Control, Option, Command, kisha kitufe cha nafasi. Kitufe cha kazi sasa ni Command, kando kabisa ya kitufe cha nafasi, pale Alt ilipokuwa. Control ipo, lakini si ile Ctrl unayoifahamu, na hapo ndipo wengi hupotea: wanaona jina lilelile, wanabonyeza, na kompyuta inafanya jambo jingine au haifanyi chochote.

Kwa hiyo badiliko lenyewe ni la mkono. Kazi iliyokuwa ya kidole cha mwisho inahamia kwenye kidole gumba. Weka gumba la kushoto juu ya Command, uache kidole cha shahada kishuke chenyewe kwenye C na V. Fanya hivyo mara ishirini bila kufungua programu yoyote. Utajiona mjinga, fanya tu.

Ukifungua menyu utaona alama badala ya majina. Ile yenye vitanzi vinne kwenye pembe zake ni Command. Ilichaguliwa na Susan Kare alipokuwa akichora picha za Macintosh ya 1984, baada ya kuikuta miongoni mwa alama za barabarani za nchi za Skandinavia zinazoonyesha mahali pa kutazamwa na wageni. Kofia ndogo iliyochongoka ni Control, mshale mnene wa kwenda juu ni Shift, na ule mstari uliovunjika kama ngazi ya kuteremkia ni Option. Nilizichora nyuma ya kadi ya simu iliyokwisha nikaibandika chini ya skrini. Baada ya siku tatu sikuihitaji tena.

Wiki ya kwanza: zile zinazohama bila ugomvi

Nakili ni Command na C, kata ni X, bandika ni V, tendua ni Z. Chagua vyote A, hifadhi S, chapisha P, tafuta F, faili mpya N. Herufi ni zilezile, kitufe cha kushikilia ndicho kimebadilika. Kurudisha ulichotendua ni Command, Shift na Z. Ile Ctrl na Y uliyoizoea isahau, hata kama Word inaikubali ikiwa na Command.

Jambo la kuchekesha ni kwamba herufi hizo zilitokea upande huu. Larry Tesler na wenzake walibuni kata, nakili na bandika kwenye maabara ya Xerox PARC miaka ya 1970, kisha Apple ikaziweka Z, X, C na V kwenye kompyuta yake ya Lisa ya 1983, kwa mstari, chini ya mkono wa kushoto. Windows ya mwanzoni ilitumia Ctrl na Insert kunakili, na Shift na Insert kubandika. Ukijaribu hizo leo kwenye Windows bado zinafanya kazi.

Wiki hiyo usijifunze kingine. Najua utatamani. Mimi siku ya pili nilichapisha orodha ya kurasa tatu niliyoitoa kwenye intaneti, na kufikia jioni sikukumbuka hata moja. Chukua tano, ziandike kwenye karatasi ndogo, zibandike kwenye ukingo wa skrini, uziondoe moja moja kadiri unavyogundua kwamba umeitumia bila kutazama. Ikitoka moja, ingiza nyingine.

Na mausi iweke kwenye droo. Si kwa siku nzima, wateja watakukimbia. Kwa dakika kumi za asubuhi kabla hujafungua mlango. Mkono ukiwa na mausi hautajifunza.

Zile zinazosaliti

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi za watu hupotea.

Enter nimekwisha kuisema. Kufungua faili ni Command na O, au Command na mshale wa chini, ambao mimi naupenda zaidi kwa vile unaingia pia ndani ya folda. Command na mshale wa juu hukutoa nje. Ukitaka tu kuhakikisha kwamba ndiyo faili yenyewe, bonyeza kitufe cha nafasi: inajionyesha bila kufunguka, ukibonyeza tena inajifunga. Hili sikuwahi kulipata kwenye Windows, na sasa nikirudi kule nalitafuta. Ukiwa umebadilisha jina kwa bahati mbaya, Command na Z hulirudisha palepale. Ningalijua hivyo usiku ule, mzee angekwenda nyumbani mapema. Nilikuja kuipata faili yake kwa Command na kitufe cha nafasi, ambayo hufungua kisanduku cha kutafutia. Nikaandika jina la kijiji lililokuwa ndani ya wasifu wa marehemu, na "jjk" ikajitokeza. Kisanduku hicho husoma hata maandishi yaliyo ndani ya faili.

Delete nayo. Kwenye MacBook kitufe chenye neno hilo hufuta kurudi nyuma, kazi ya Backspace. Kufuta kwenda mbele ni fn na Delete. Kwenye folda, Delete peke yake haifanyi kitu. Kutupa faili ni Command na Delete. Lakini angalia: Command na Delete hiyohiyo, kishale (kile kistari kinachopepesa unapoandika) kikiwa ndani ya maandishi, hufuta yote kuanzia kishale hadi mwanzo wa mstari. Ukitaka kufuta neno moja tu, shika Option.

Kuhamisha faili kunawashangaza wengi. Unachagua faili, unabonyeza Command na X, na hakuna kinachotokea. Mac haikati faili. Unanakili kwa Command na C, unakwenda kwenye folda unayotaka, kisha unabandika kwa Command, Option na V: hapo ndipo faili inahama badala ya kuzaliwa nakala. Kwa kweli mpangilio huu una akili, kwani faili haibaki ikining'inia kati ya kukatwa na kubandikwa. Vidole vyangu hata hivyo havijaukubali.

Ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote: Q na W. Command na W hufunga dirisha au kichupo (tab) kimoja. Command na Q hufunga programu nzima pamoja na madirisha yake yote. Na Q imekaa ubavuni mwa W. Nilikuwa nikijaza fomu ya mteja kwenye tovuti ya serikali, ukurasa wa nne kati ya kurasa tano, nikataka kufunga kichupo cha pembeni, kidole kikateleza. Ukurasa ukaenda na kila kitu kilichokuwemo.

Dawa ni mbili. Kama unatumia Chrome, fungua menyu yenye jina la Chrome, ile ya kwanza upande wa kushoto, na uweke alama kwenye mstari unaosema Warn Before Quitting. Kuanzia hapo itakutaka ushikilie Command na Q kwa muda kabla haijafunga. Kwa programu nyingine, badilisha njia ya mkato yenyewe. Fungua System Settings, nenda Keyboard, bonyeza Keyboard Shortcuts, halafu App Shortcuts, kisha alama ya kujumlisha. Chagua programu, mfano Safari, kivinjari cha Apple. Penye nafasi ya jina andika Quit Safari, kama lilivyo kwenye menyu, herufi kubwa kwa herufi kubwa. Ukikosea hata nafasi moja haitakubali. Kisha bonyeza mchanganyiko mpya, kwa mfano Command, Option na Q. Mashine zenye mfumo wa kabla ya 2022 huita sehemu hiyo System Preferences, na mpangilio wake ni tofauti kidogo, lakini utaipata chini ya Keyboard vilevile.

Kutembea ndani ya maandishi

Kwa sisi tunaoishi kwa kupiga chapa, hii ndiyo sehemu inayolipa. Laptopu hizi hazina Home wala End. Mwanzo wa mstari ni Command na mshale wa kushoto, mwisho wake ni Command na mshale wa kulia. Juu kabisa ya waraka ni Command na mshale wa juu, chini kabisa ni wa chini. Kuruka neno kwa neno ni Option na mshale. Ongeza Shift kwenye yoyote kati ya hizo, nawe utakuwa unachagua badala ya kutembea.

Tuifanye pamoja. Fungua Notes au TextEdit, andika mstari huu:

Marehemu ameacha mjane, watoto saba na wajukuu kumi na wawili.

Sasa familia inapiga simu: watoto ni wanane, mmewasahau mmoja aliye Mombasa. Usiguse mausi. Bonyeza Command na mshale wa kulia, kishale kifike mwisho wa mstari. Shika Option, bonyeza mshale wa kushoto mara sita ukihesabu: wawili, na, kumi, wajukuu, na, saba. Kishale kiko mbele ya herufi s. Shika Option na Shift pamoja, bonyeza mshale wa kulia mara moja. Neno "saba" limepakwa rangi. Andika "wanane".

Umeona kitu? Kwenye Windows, Ctrl na mshale wa kulia hupeleka kishale hadi mwanzo wa neno linalofuata, kwa hiyo huchagua neno pamoja na nafasi iliyo mbele yake. Ndiyo maana mkono wako umezoea kuandika neno jipya na kumalizia na nafasi. Hapa kishale husimama mwisho wa neno lenyewe, nafasi haijaguswa. Ukiandika "wanane" na kuongeza nafasi kwa mazoea, utapata mbili. Kwa wiki mbili nyaraka zangu zilikuwa na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, nami nikilaumu kibodi. Fanya zoezi hili na mistari yako halisi, mikataba ya mashamba, barua za kuomba karo, chochote unachoandika kila siku. Vidole hujifunza haraka zaidi kwa maneno vinavyoyafahamu.

Na kwa kuwa tunaandika Kiswahili: ingia System Settings, Keyboard, na kwenye sehemu ya Text Input bonyeza Edit. Zima kusahihisha tahajia kwenyewe, la sivyo mashine itayachukulia maneno yako kuwa Kiingereza kilichokosewa na kuyarekebisha nyuma ya mgongo wako. Hapohapo zima zile alama za nukuu za kupinda ikiwa hutaki ng'ombe na ng'ambo zako ziwe na alama tofauti kila sehemu ya waraka. Pia kuna Text Replacements, pale unapoweza kuiambia kwamba ukiandika "mhm" iweke "Marehemu", au "ksm" iweke "Kisumu". Hii nayo ni njia ya mkato, ingawa wengi hawaiiti hivyo.

Madirisha, picha za skrini, na kufunga mashine

Command na Tab hukupeleka kutoka programu moja hadi nyingine, na hapa una bahati: vidole ni vilevile vya Alt na Tab. Tofauti ni kwamba inahesabu programu, si madirisha. Ukiwa na nyaraka tatu kwenye programu moja, kuzizunguka ni Command na kile kitufe chenye alama ya `, kilicho juu ya Tab kwenye kibodi ya Kimarekani, na kando ya Shift ya kushoto kwenye kibodi ya Kiingereza cha Uingereza. Dirisha ulilolishusha kwa Command na M halirudi kwa Command na Tab peke yake. Lazima ushike Option kabla hujaachia Command, nami sina subira hiyo. Tumia Command na H, inayoficha programu yote, nayo hurudi kwa Command na Tab bila maswali. Control na mshale wa juu huanika madirisha yote kwa pamoja.

Print Screen haipo. Skrini nzima ni Command, Shift na 3; sehemu unayoichagua ni 4; na 5 hufungua kisanduku chenye yote hayo pamoja na kurekodi video. Picha huangukia kwenye deski. Ongeza Control na picha haitahifadhiwa, itasubiri ubandike.

Ukitoka nje kwenda kununua chai, funga skrini kwa Control, Command na Q. Usisahau Control, maana unajua sasa Command na Q peke yake hufanya nini. Programu ikiganda, usitafute Ctrl, Alt na Delete. Ni Command, Option na Esc.

Usiyoyajua, iulize mashine. Command, Shift na alama ya mkwaju (/) hufungua kisanduku cha msaada. Andika sehemu ya jina la unachotaka kufanya, kwa Kiingereza kama menyu zako ni za Kiingereza, na mshale wa buluu utakuonyesha kilipo kwenye menyu, njia yake ya mkato ikiwa pembeni. Haihitaji bando.

Ukiwa na mashine mbili

Kuna watakaokushauri ubadilishe vitufe, Command iwe Control, na maisha yaendelee kama zamani. Inawezekana: System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, Modifier Keys. Kama Mac ni yako peke yako na hutaki shida, sitakushika mkono. Mimi nilikataa. Siku utakapokaa kwenye Mac ya mtu mwingine utakuwa huna pa kuanzia, na Control yenyewe ina kazi zake kule ambazo utakuwa umezihamisha bila kujua.

Pale nilipobadilisha ni kwenye kibodi ya nje. Nilichomeka kibodi ya kawaida ya kompyuta ya mezani kwenye MacBook, kwa sababu ina vitufe vya namba na mimi hupiga bajeti za kanisa. Kwenye kibodi kama hiyo, kitufe cha Windows ndicho huwa Command, na Alt huwa Option, kumaanisha vimebadilishana nafasi na gumba linatua pasipo pake. Ukurasa uleule wa Modifier Keys unakuruhusu uchague kibodi gani unaizungumzia. Chagua ile ya nje, uifanye Option iwe Command na Command iwe Option, na ya ndani uiache ilivyo. Na jihadhari na Home na End za kibodi hiyo: kwenye programu nyingi za Mac hurusha ukurasa juu au chini kabisa huku kishale kikibaki kilipokuwa.

Ile ya mezani bado ninayo, na nikirudi kwake asubuhi gumba hukimbilia Alt, nayo Word hujaza herufi ndogo juu ya menyu zake zote. Inachukua kama dakika tano, halafu mkono unakumbuka uko wapi. Inanisaidia kwamba meza ni mbili na viti ni viwili; nikikaa kile cha mbao ni Windows, nikikaa cha plastiki ni Mac.

Waliohamia Linux, mfumo wa bure usio wa Microsoft wala Apple, wana safari fupi zaidi. Tangu Windows 10 ilipoacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wenye saiba kadhaa ninaowajua wameweka Linux Mint kwenye mashine za zamani zisizokubali Windows 11. Kule Ctrl inabaki Ctrl. Kumbukeni tu kwamba kufunga skrini kwenye Mint yenye mwonekano uitwao Cinnamon ni Ctrl, Alt na L, na kwamba kwenye lile dirisha jeusi la amri kunakili ni Ctrl, Shift na C. Ukiisahau Shift, badala ya kunakili utakuwa umeikatiza amri iliyokuwa ikiendelea.

Karatasi yangu ya ukingo wa skrini imebaki na mstari mmoja: Command, Option na V. Ni mwezi wa nane huu.